Mama Naye Aliomba Kiti cha Baba

Mliniacha wiki jana nimesimama mlangoni pa ukumbi wa jiji, hotuba imekunjwa mfukoni, mkono umegoma kushika kitasa.

Kwa anayetukuta njiani, mambo ni haya. Baba yangu, Gordy Rognlie, alikuwa diwani wa kata yetu hapa Tamarack Bend. Mwezi uliopita, asubuhi moja, alitoka kwenda kuutazama mto. Barafu ikampasukia miguuni, mto ukatunyang'anya baba. Kiti chake kikabaki wazi.

Na kiti hicho si ubao na misumari tu. Madiwani waliobaki ni wanne. Wawili wanataka Mtaa wa Mierebi ubomolewe, lijengwe tuta la kuzuia mafuriko. Wawili hawataki. Mierebi ndiko kwetu: nyumba za magurudumu kando ya mto, magurudumu ambayo hayajazunguka tangu yaletwe. Atakayekalia kiti cha baba ndiye atakayeamua kama tutabaki au tutatawanywa.

Sheria inawaruhusu madiwani kumteua mtu wenyewe, baada ya kuwasaili waombaji mbele ya watu. Niliomba. Nimemaliza chuo mwaka jana, nina shahada ya utawala, na bado naamini kwamba watu wakiambiwa ukweli kwa upole watatenda haki. Chekeni tu. Hata Duane Pfeifer, mwombaji mwenzangu, alicheka.

Nilisukuma mlango.

Mtaa mzima ulikuwa ndani. Walikuja na watoto, makoti ya baridi na sahani za keki, kana kwamba nilikuwa naolewa. Aliyekosekana ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Bibi Thora. Alikuwa amenipigia simu mchana.

"Nyonga imekataa, mwanangu," aliniambia. "Lakini nitakutazama kwenye runinga. Vaa sweta ya bluu. Ile ya kijivu inakufanya uonekane kama umetoka kutapika."

Nilivaa ya bluu.

Merle, karani wa jiji, alinishika kiwiko. "Waombaji huku, Britta. Mko watatu."

"Wawili. Mimi na Duane."

"Watatu. Mmoja alileta ombi jana, nikiwa nafunga dirisha."

"Nani?"

Merle alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Ingia tu, binti. Ingia."

Hapa kwetu kuna desturi: mwombaji anayesubiri zamu yake hasikilizi wenzake wakiulizwa. Mkutano ni wa hadhara, hakuna awezaye kumtoa mtu nje. Ni heshima tu. Unakwenda mwenyewe kukaa jikoni mwa kituo cha zimamoto, upande wa pili wa ukuta, mpaka uitwe. Baba alikaa mle mwaka alioteuliwa. Alisema ndipo alipojua kama anafaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimlinda asisikilize.

Ndani nilimkuta Duane Pfeifer, muuza matrekta, mdomo umejaa keki. Karibu na jokofu, koti limefungwa mpaka shingoni, alikaa mama yangu.

"Mama? Wanaotazama wako ukumbini."

"Sikuja kutazama," alisema. "Nimekuja kusailiwa."

Duane alimeza. "Haya sasa! Nilidhani napambana na mtoto, kumbe napambana na ukoo."

"Nyamaza, Duane," mama alisema. "Na hiyo keki ni ya wazimamoto."

"Imeandikwa wapi?"

"Juu yake. Umekula maandishi."

Wakati mwingine wowote ningecheka mpaka nikae chini. Tangu maziko, mama alikuwa amehamia kwa dada yake kule mlimani. Alisema hawezi kupata usingizi akiusikia mto. Mimi nilibaki Mierebi peke yangu na viatu vya baba mlangoni. Tuliongea kwa simu kuhusu maua, kuhusu paka, kuhusu kila kitu kisichouma.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Wewe uliniambia ulipoomba?"

"Nilidhani ukisikia utafurahi."

"Nifurahi." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Britta, mwanangu. Nifurahie nini?"

Sauti ilikohoa juu ya vichwa vyetu. Sote watatu tukainua macho. Runinga ya wazimamoto ilikuwa inawaka, imewekwa kwenye stesheni ya jiji, na kwenye kioo alionekana Meya Verna Tollefsrud, naye mmoja wa madiwani wanne, akipuliza kipaza sauti. Tulikuwa tumejitoa ukumbini tusisikie maswali, tukaja kuketi chini ya runinga inayoyarusha.

Duane alicheka mpaka akashika meza. "Na hili ndilo baraza ninaloomba kuingia!"

Mama alisimama, akachukua rimoti, akaizima.

"Haki ni haki," alisema. Lilikuwa neno la baba. Lilipomtoka, nilimwona akilisikia.

Kura ya zamu ilimtoa Duane wa kwanza, mama wa pili, mimi wa mwisho. Duane alijipangusa ndevu akaenda. Tukabaki wawili na mngurumo wa jokofu.

"Unakula?" mama aliuliza.

"Nakula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula." Alifungua mfuko wake akatoa bakuli lenye mfuniko: viazi na nyama vya kuoka, bado vya moto, pale juu pamekauka rangi ya dhahabu kama nipendavyo tangu utotoni. Alikuwa amekuja kushindana nami na amenipikia. "Kula. Huwezi kusema mbele ya watu tumbo likinguruma."

Nilikula. Alinitazama kila tonge.

"Umevaa bluu," alisema.

"Ndiyo."

"Vizuri."

"Mama, ukikipata kiti, utapiga kura gani?"

"Humu hatuulizani." Alinitengeneza kola. Mkono wake ulikaa shingoni mwangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Chochote kitakachotokea leo, ujue sikukosa imani nawe. Sawa?"

Kabla sijajibu, Merle alimwita.

Nilikaa na bakuli mapajani. Mlango wa upande wa magari ukafunguka, akaingia Chuck Vasek, mkuu wa zimamoto, akitafuta matokeo ya mpira wa magongo.

"Mbona kimya humu kama msibani," alisema, halafu akajishika kichwa. "Samahani, Britta. Mimi na mdomo wangu."

Mkono wake ulikuwa umeshabonyeza rimoti. Uso wa mama ukajaa kioo.

"Nizime?" Chuck aliuliza.

Mama alikuwa ameizima bila kuulizwa. Mimi, msomi wa utawala bora, nilisema, "Subiri kidogo."

Chuck alinitazama. Aliiweka rimoti mezani karibu na mkono wangu, akatoka akafunga mlango polepole.

"Bi Lorna," Meya Verna alikuwa akisema, "kwa nini unakitaka kiti hiki?"

"Sikitaki," mama alijibu. Ukumbi ukacheka. "Nataka binti yangu asikipate."



Diwani Kermit Sather, yule anayelitaka tuta kuliko wote, aliinama mbele. "Bi Lorna, tunajua msimamo wa marehemu kuhusu Mierebi. Wewe..."

"Hamuujui."

"Samahani?"

"Hamuujui msimamo wake. Gordy alikuwa apige kura ya tuta."

Nilisikia kijiko kikianguka. Ilichukua muda kujua kwamba kilikuwa changu.

"Aliniambia jioni ile ya mwisho, tukiosha vyombo," mama aliendelea. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia. "Alisema, 'Lorna, maji yataingia. Yasipoingia mwaka huu yataingia mwakani. Siwezi kuwaacha watu wazame ili mimi nionekane mwema.' Ndivyo alivyosema."

"Lakini hadharani alisema vingine," alisema Verna kwa sauti ya chini. "Mpaka wiki ile ya mwisho, Lorna."

"Kwa sababu ya Britta. Mtoto alimwona baba yake kama ukuta. Kila akirudi kutoka chuo alikuwa akiwaambia wenzake, 'Baba yangu hawezi kuuza watu.' Gordy angefanya nini? Akaniambia, 'Kesho nitautazama mto mara moja zaidi. Huenda nimekosea. Huenda sitalazimika kumwambia.'"

Alifungua kifungo cha juu cha koti.

"Akaenda kuutazama," mama alisema.

Kisha akawageukia watu, mgongo kwa madiwani, jambo ambalo haliruhusiwi, na hakuna aliyemkataza.

"Nawaomba kitu kimoja, majirani zangu. Yuko jikoni, hasikii. Akiingia, msimwambie. Mnaweza kunichukia kwa ajili ya tuta. Lakini hili msimwambie mwanangu."

Nilizima. Nilibonyeza rimoti kwa nguvu hata kidole kikauma, kana kwamba nikibonyeza sana nitayarudisha maneno yalikotoka.

Merle alipokuja kuniita hakunitazama. Nilipoingia ukumbini hakuna aliyenitazama. Watu walionijua tangu natambaa walikuwa wakisoma dari. Duane Pfeifer, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alikuwa akichunguza viatu vyake. Mji mzima ulikuwa unanificha siri, nami nilikuwa nawaficha kwamba ninayo.

"Britta," alisema Meya Verna, na sauti yake ilikuwa laini mno, "kwa nini unakitaka kiti hiki?"

Nilikunjua hotuba. Ilianza hivi: *Baba yangu angetaka.*

Mjue jambo moja. Ningeweza kuisoma. Hakuna mtu mle ndani ambaye angenipinga, hata Sather. Walikuwa wameshaamua kunihurumia. Wangeniacha niseme uongo mpaka mwisho, halafu wapige makofi.

Niliikunja tena.

"Runinga ya jikoni ilikuwa inawaka," nilisema. "Nimesikia."

Mama aliuziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," alisema Merle. "Runinga."

"Mimi ndiye niliyeiwasha!" Chuck alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mlaumuni Chuck!"

"Angeweza kuizima," nilisema. "Nilimwambia asubiri."

Sather alisimama. "Basi aondolewe! Desturi ni desturi!"

"Kwa sheria gani, Kermit?" Verna alimwuliza. "Mkutano ni wa hadhara. Watu wanatazama majumbani mwao sasa hivi wakila."

"Amevunja heshima."

"Amevunja, na amesema mwenyewe. Wewe ungesema?"

Sather alikaa.

"Haya, mwanangu," alisema Verna. "Kuhusu Mierebi. Ungepiga kura gani?"

Niliutafuta uso wa mama. Alikuwa ameuinamisha.

"Nilikuja na jibu," nilisema. "Limebaki kule jikoni. Nikipewa kiti, nitapita nyumba kwa nyumba nimwambie kila mtu alichokiona baba, kisha niwasikilize. Mkinilazimisha nijibu leo, sijui."

"Hujui!" Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Ray Skogen, jirani wa mbele yetu. "Tumeacha kazi, tumekuja na keki, wewe hujui?"

"Mwache mtoto, Ray," mtu alimkemea.

"Si mtoto! Anaomba kura ya nyumba yangu!"

Alikuwa na haki. Ndiyo sababu iliuma.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Sather na mwenzake walikuwa wamekuja kumchagua Duane, lakini sasa walinong'onezana wakamgeukia mama. Verna na diwani wa nne, mzee Arlo, wakanichagua mimi.

Mbili kwa mbili.

"Hata moja ya huruma hakuna?" aliuliza Duane. Watu wakacheka, na kicheko kikafa chenyewe.

Kura zikifungana hapa kwetu, majina hutiwa ndani ya kofia ya mkuu wa zimamoto. Merle alikata vipande viwili vya karatasi. Jina la ukoo liliandikwa mara mbili.

Nilimwendea mama. "Ondoa jina lako."

"Ondoa wewe."

"Mama, kiti hicho hukitaki."

"Na wewe nitakuruhusu ukitake?" Alininong'oneza, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Simu zitalia asubuhi: 'Diwani, njoo utazame maji.' Nawe utakwenda. Nakujua. Utavaa viatu vyake na utakwenda. Nimeshamzika mmoja, Britta."

Chuoni hawakutufundisha la kujibu hapo.

Chuck aliingiza mkono ndani ya kofia, akafungua karatasi, akaisoma kwanza kimoyomoyo.

"Lorna Rognlie," alisema.

Watu wa Mierebi hawakupiga makofi wala hawakuzomea. Ray Skogen aliketi, akamkumbatia mwanawe mdogo, akaficha uso kwenye nywele zake. Mwanamke mmoja alianza kukusanya sahani za keki, ingawa zilikuwa bado zimejaa. Nilikuwa nimepoteza kiti, na mtaa, na yule baba niliyedhani namjua, vyote kabla chakula cha mama hakijapoa.

Mama alikwenda mbele. Alisimama kando ya kiti kile bila kukigusa, akainua mkono wa kulia.

"Sema baada yangu," alisema Verna. "Mimi, Lorna Rognlie, naapa..."

"Mimi, Lorna Rognlie, naapa..."

Ndipo king'ora cha paa kikalia.

Ukiwa ukumbini, king'ora hicho hukisikii kwa masikio, unakisikia kwa meno. Redio ya Chuck begani ikaanza kukoroma. Alisikiliza, uso ukabadilika, akapiga kelele kuushinda mlio: "Barafu imefumuka upande wa juu wa daraja! Maji yanaingia Mierebi!"

Viti vilianguka. Watu waliitana majina.

"Watoto! Watoto wako wapi?"

"Wako hapa! Wote wako hapa!"

"Mumeo je?"

"Huyu hapa! Ray, tazama, sote tuko hapa!"

Na ilikuwa kweli. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kuniona nikisailiwa. Mtu alianza kucheka huku akilia. Ray Skogen, yule yule, alinishika mabega akanitikisa. "Hakuna mtu kule, Britta! Umesikia? Usaili wako umetuokoa! Hakuna mtu kule!"

Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nilihisi kitu kikifunguka kifuani. Nilisema moyoni, baba, umeona?

Nikamgeukia mama. Mkono wake ulikuwa bado juu, kiapo kimekatika katikati. Hakuwa akimtazama Verna. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya vichwa vya watu, safu kwa safu, uso kwa uso.

"Britta," alisema. "Thora yuko wapi?"

Niliitazama sweta yangu ya bluu.

Kisha nikatazama pembeni mwa ukumbi. Kamera ya jiji ilikuwa imesimama juu ya miguu yake mitatu, taa yake nyekundu inawaka, imetuelekea.

Kule Mierebi, Bibi Thora alikuwa akituona sote. Hakuna aliyekuwa akimwona yeye.